Mchezo wa Dunja, Msimu wa Hoho Nyekundu

7 Septemba

Dada yangu Zagorka,

Nakusalimu kwa mapenzi yote, wewe na wajukuu zako huko Australia. Kabla ya lolote niambie hali yako. Goti bado linakusumbua ukipanda ngazi? Ule mlio wa sikioni umepungua? Nimekuwashia mshumaa kanisani leo, wa goti na wa sikio, mmoja kwa yote mawili, Mungu ataugawa mwenyewe.

Sisi ni wazima. Kwa kuwa simu huisikii tena, nimeamua mwaka huu nisikuandikie barua ya haraka haraka. Nitaandika kidogo kidogo msimu mzima wa kupika ajvar, rojo letu la hoho za kuchoma, mpaka sikukuu ya Mtakatifu Luka, mlinzi wa nyumba yetu, kisha nikutumie yote kwa pamoja. Hoho zimefika jana, magunia kwa magunia, nyekundu kama mashavu ya bibi harusi. Dunja yuko ghorofani na kompyuta yake. Anachora. Watu wa nje wanapenda michoro yake, ndivyo anavyoniambia, nami sijawahi kuuliza zaidi.

8 Septemba

Kuchoma, kumenya. Vidole vyangu vinanuka moshi hata nikijifanyia ishara ya msalaba.

12 Septemba

Leo nimeaibishwa dukani. Nilikwenda kununua vifuniko vya chupa. Rosanda mwenye duka akaniuliza kwa sauti ya watu wote kusikia, "Milunka, binti yako anaendeleaje na sanaa yake?"

"Anaendelea vizuri, tunashukuru. Watu wa nje wanampenda."

"Watakosaje kumpenda? Mwanangu kamwona kwenye kompyuta. Watu anaowachora, mama yangu, hata soksi hawana!"

Wanawake wakacheka. Na mimi nikacheka, kama mjinga, kwa sababu sikujua nifanye nini na uso wangu. Nimerudi bila vifuniko.

13 Septemba

Sikulala. Sikumuuliza.

15 Septemba

Nimemuuliza. Alikuwa anamenya hoho mbele yangu, kichwa chini, nikasema, "Dunja, ni kweli yale ya soksi?"

Kwanza alicheka. Kisha akaniona nilivyo.

"Mama, ni mchezo wa kompyuta wa watu wazima. Ni hadithi. Unasoma, unamchagulia mtu la kusema, na hadithi inageuka kulingana na ulichochagua. Kuna mwanamke na mwanamume wanapendana. Wakipendana wanavua nguo. Kwani wewe na baba mlinipata mkiwa mmevaa makoti?"

"Nyamaza! Picha takatifu ziko ukutani zinakusikia."

"Zimesikia mengi nyumba hii."

Nikamuuliza nani anamlipa kwa mambo hayo. Akasema hakuna bosi. Kuna tovuti ambako watu wa kila nchi wanamchangia kila mwezi, kila mtu kidogo kidogo, ili amalize hadithi. "Kama mlivyochangia kengele ya kanisa," akasema.

"Usiitaje kengele hapa!"

Aliacha kumenya, akaenda zake juu. Hoho zilizobaki nimezimenya peke yangu, na nimeziosha kwa machozi, Mungu anisamehe. Tangu baba yake afariki nimemlea binti huyu kwa kufunga na kusali. Nimeomba mbele ya mshumaa ile tovuti ifungwe. Ndivyo nilivyoomba, sikufichi.

18 Septemba

Mvua. Hatusemeshani. Ajvar ya kwanza imekuwa na chumvi nyingi.

21 Septemba

Leo ni Kuzaliwa kwa Mama wa Mungu. Nilikuwa nafunga kitambaa kichwani niende kanisani, Dunja akashuka ngazi, uso mweupe kama unga.

"Mama, wameufunga kwa muda."

"Wamefunga nini?"

"Ukurasa wangu wa michango. Wana sheria mpya. Mashine yao imesoma mchezo wangu, inasema wapenzi wangu wawili ni ndugu, na hadithi za ndugu kupendana hawaziruhusu. Sasa mpaka mtu wa kweli asome na kuamua."

"Na ni ndugu?"

Akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa. "Hawana hata tone moja la damu moja."

Akakaa kwenye ngazi, akanieleza hali ilivyo, nami nakueleza uielewe. Wakiufunga moja kwa moja, hawezi kuimaliza hadithi, na hapa hawezi kukaa. Kuna kampuni ya kamari huko Malta inayotafuta wachoraji wa kuchora matunda ya zile mashine za bahati. Wamemwandikia mara mbili.

"Nikifungiwa, mama, naondoka. Nitakula nini hapa? Ajvar?"

Nilisimama kanisani saa nzima nikilikumbuka ombi langu la juzi. Lilikuwa limejibiwa. Sikujua jinsi ya kumwambia Mungu kwamba nimebadili mawazo.

24 Septemba

Dada, leo itakuwa ndefu. Kaa chini.

Nilipanda ghorofani na kahawa, nikamwambia, "Nionyeshe."

"Hutapenda."

"Nionyeshe tu. Nimezika mume, siwezi kuuawa na picha."

Akanipa kiti chake. Kila ilipokuja picha ya wale wawili bila nguo, aliifunika kwa kiganja, mwanangu, kwa kunistahi, na mimi niliona vidole vyake na pembeni ya vidole bega moja au unywele. Niliyoyasoma yalikuwa maneno tu. Kuna kijiji chenye mashamba ya hoho. Kuna nyumba yenye geti la bluu. Kuna msichana mwenye kovu kwenye nyusi ya kushoto, aliyeangukia ndoo akiwa mtoto. Na kuna kijana wa nyumba ya jirani, ambaye baba yake ndiye aliyemshika msichana huyo siku ya ubatizo, kama babu yake alivyomshika baba wa msichana. Basi wao ni ndugu wa ubatizo, na kupendana kwao ni kosa mbele ya kijiji chote. Wanapendana msimu mmoja wa vuli, kwenye ghala la mahindi, na hakuna anayejua.

Niliacha kusoma nikaitazama ile nyusi.

"Dunja. Huyu ni nani?"

"Unamjua, mama."

"Nani kakuambia?"

"Mama mkubwa mwenyewe. Kwenye simu, kabla masikio yake hayajaharibika. Aliniambia yote, ghala na yote. Akasema, chora, mwanangu, mimi nimezeeka, aibu yangu imeshaisha muda wake."

Zagorka. Vuli ile mimi na wewe tulilala kitanda kimoja. Ulikuwa unaingia na miguu ya baridi, nami nikidhani umetoka kumtazama ng'ombe. Ulipoondoka nilidhani umefuata mshahara wa kiwandani, nikakuonea wivu miaka na miaka kwa ajili ya mshahara huo. Na Gradimir! Kaka yetu wa ubatizo Gradimir, anayekuja kila mwaka kunisaidia kukoroga ajvar na kunilalamikia kuhusu chumvi, na aliyemzika mkewe juzi juzi tu! Ulimwambia mtoto, mimi hukuniambia. Sikulaumu. Ninajua ningesema nini, na wewe ulijua pia.

Nilimuuliza Dunja kwa nini lazima wawe ndugu wa ubatizo. Awaite majirani tu, mashine itanyamaza.

"Wakiwa majirani tu, mama, kwa nini aondoke? Wangeoana Jumapili inayofuata. Hadithi ingeisha kwenye harusi, na mimi nisingekuwa na cha kuchora."

27 Septemba

Siku ya Msalaba. Nimefunga kwa mkate na maji. Nimemwombea Dunja afunguliwe. Safari hii nimeomba wazi wazi, jina na yote.

30 Septemba

Gradimir amekuja kukoroga. Amekaa kwenye kigoda mbele ya sufuria kama kawaida yake, kofia nyuma ya kichwa.

"Milunka, mafuta unayamwaga kama ya kukopa. Tia mafuta, dada!"

"Wewe koroga. Umekuja kufanya kazi au kukagua?"

"Nakagua. Kukoroga nakoroga bure."

Nilimtazama shingo. Miaka yote hii niliiona shingo ya mzee msumbufu. Leo nimeona ni shingo ya yule kijana aliyechorwa na Dunja, imekunjamana tu. Akaniuliza, "Unanitazama nini? Nimejipaka masizi?" Nikasema ndiyo. Akajifuta mahali ambapo hapakuwa na kitu.

1 Oktoba

Habari njema! Mtu wa kampuni ya ile tovuti ameusoma mchezo wote na anataka kuongea na Dunja kwa video Ijumaa. Dunja ameimba akiosha vyombo.

3 Oktoba

Naandika mikono ikiwa bado na harufu ya kuungua.

Dunja aliiweka kompyuta kwenye meza ya jiko la nje, kwa sababu ghorofani mtandao unakatika. Mimi nilikuwa uani kwenye jiko la kuni, nachoma hoho za mwisho. Kijana wa kampuni anaitwa Desmond, ana ndevu nyekundu na uso mwema, sitamsema vibaya. Maneno yalikuwa yanajiandika chini ya picha yake, yake kwa lugha yetu na yetu kwa lugha yake, kwa hiyo niliweza kusoma kila nilipopita.

Alisema ameusoma mchezo kwa jioni mbili na pale kwenye ghala alilia. Alisema yeye binafsi anataka uendelee. "Nahitaji jibu moja tu la kuandika. Hawa wawili ni ndugu au si ndugu?"

"Si ndugu," akasema Dunja. "Baba wa kijana alimsimamia msichana ubatizo, basi. Ni desturi tu."

"Kwa hiyo ni kama rafiki wa familia?"

"Ndiyo. Kama rafiki wa familia."

Akatabasamu, akaanza kuandika. Ilikuwa imekwisha, dada. Ilikuwa imekwisha na imekwisha vizuri.

Na mimi nimesimama mlangoni na sahani ya mkate na ajvar ya moto, ambayo nilitaka aione tu, kama heshima kwa mgeni. Nikasoma hayo maneno: rafiki wa familia. Nikaona moyo unaniuma kwa ajili yako. Nilifikiri, huyu kijana haelewi ukubwa wa jambo. Anadhani ni uchafu wa jirani na jirani. Akijua ulivyo mzito undugu huu, ataiheshimu hadithi, ataiheshimu kazi ya mwanangu. Ndivyo nilivyofikiri, Mungu ni shahidi. Nikaingia.

"Rafiki wa familia, mwanangu? Rafiki ni mtu wa kunywa naye kahawa! Hawa ni ndugu kuliko ndugu. Na kaka wa tumbo moja unaweza kugombana, mkashtakiana mahakamani kwa ajili ya shamba. Lakini nyumba iliyokushika kwenye maji mbele ya Mungu, hiyo huigusi. Ni damu iliyo juu ya damu. Ndiyo maana waliumia namna ile!"

"Mama," akasema Dunja, taratibu sana. "Toka."

Yule kijana alikuwa anasoma. Tabasamu lake halikuondoka mara moja, liliondoka kama maji yanavyonywewa na mchanga. "Asante, mama," akasema. "Kwa hiyo kwenu watu hawa kuoana ni marufuku? Kama ndugu wa damu?"

"Marufuku kabisa! Mungu apishe mbali!" Nami nikajifanyia ishara ya msalaba mbele ya kompyuta, nikijisifu moyoni kwamba ameelewa.

Desmond akaacha kuandika. Kisha akasema, "Samahani, Dunja. Natamani nisingelisikia hilo. Lakini mazungumzo haya yanarekodiwa."

Dunja akaifunga kompyuta. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alikaa akitazama ile sahani ya mkate, kisha akasema, "Mama, hoho zinaungua."

4 Oktoba

Wameufunga. Barua yao inasema: ndugu wa damu, wa kuasiliwa, wa ndoa, au wa taratibu za dini zinazohesabiwa kuwa undugu katika jamii husika. Hayo ya mwisho yamenukuliwa kutoka mdomoni mwangu.

5 Oktoba

Amelala siku nzima.

6 Oktoba

Amekula supu. Akasema, "Unajua, mama, ni mara ya kwanza tangu dunia iumbwe kampuni ya mtandao na bibi zetu kukubaliana." Akacheka peke yake. Nilitaka kumshika mkono, akauondoa, si kwa hasira, aliuondoa tu kama anayechukua kijiko.

9 Oktoba

Amejaribu tovuti nyingine mbili. Moja haitaki picha yoyote isiyo na nguo. Si wao, anasema Dunja, ni walio nyuma yao, wenye kupitisha malipo ya kadi za benki, hao wakikunja uso kila mtu anafunga duka. Ya pili imekubali, lakini wachangiaji wake wametawanyika, na hana njia ya kuwaita maana majina yao yako kule kulikofungwa. Mmoja tu amemtafuta, dereva wa lori wa Poland. Hakuuliza habari za picha. Ameuliza, "Je, walionana tena?"

Nimekwenda kuungama. Padri akauliza, "Ulisema uongo?"

"Hapana, baba. Nilisema kweli."

"Basi unaungama nini?"

Akaniruhusu niende, na bado nimerudi na mzigo wangu.

14 Oktoba

Amekubali kazi ya Malta. Tunamalizia ajvar. Tunakoroga kwa zamu na tunaongea habari za mafuta, vifuniko na mvua.

17 Oktoba

Rosanda wa dukani ameniambia, "Nasikia wamemfungia. Mungu amesikia maombi yako." Nikamwambia, "Rosanda, chukua vifuniko vyako uvifunike mdomo." Sijawahi kumjibu mtu hivyo maishani.

19 Oktoba

Kesho anaondoka. Baada ya ibada Gradimir alikuja kumuaga, na Dunja akamwambia, "Mjomba Gradimir, kaa hapa. Kuna kitu nataka ukione, kwa sababu hakuna mwingine atakayekiona."

Nikamkonyeza aache. Hakuacha. Alimwekea kompyuta kwenye meza ileile, akamwonyesha pa kubonyeza, akatoka uani. Mimi nilibaki, nikajifanya naosha chupa.

Mzee alivaa miwani. Mwanzoni alinung'unika, "Maandishi madogo hivi, mnadhani nina macho ya kuku?" Kisha akaacha kunung'unika. Sikuona picha, nilimwona yeye tu. Alisoma akisogeza midomo, kama tulivyofundishwa shule. Mahali fulani alivua kofia akaiweka gotini. Mahali fulani aligeukia dirishani na akakaa hivyo mpaka maji yangu ya kuoshea yakapoa. Hakuniuliza nani kasema. Alijua ni nani, nadhani, tangu kwenye ile nyusi.

Mwishoni alimwita Dunja. Kwenye kompyuta palikuwa na kituo cha basi alfajiri. Msichana ameshapanda, yuko dirishani. Kijana amesimama nyuma ya kibanda cha tiketi asionekane. Chini pana vibonye viwili. Kimoja kimeandikwa: Nyamaza. Kingine: Mwite.

"Sikujua kwamba aliniona," akasema Gradimir.

"Alikuona, mjomba. Basi lilipogeuka."

Akatazama vile vibonye kwa muda mrefu. "Hiki cha kunyamaza nakijua mwisho wake," akasema. "Nikibonyeza hiki kingine, inakuwaje?"

Dunja alifunika mdomo kwa mkono. "Sijaichora bado, mjomba. Ndiyo niliyokuwa nimebakiza."

Gradimir akavaa kofia yake. Akasema ajvar mwaka huu imekaa sawa kwa chumvi, akaenda kwake kupitia bustanini.

20 Oktoba

Ameondoka. Nilimpa chupa za ajvar, uwanja wa ndege wamezichukua zote, wakasema ni kimiminika. Ameniandikia hayo tu, na kwamba amefika.

25 Oktoba

Mvua. Chumba cha juu nimekifagia ingawa hakikuwa na uchafu.

31 Oktoba

Sikukuu ya Mtakatifu Luka. Imeangukia Ijumaa, siku isiyoliwa nyama, kwa hiyo tumekula samaki na maharage. Padri amekata mkate wa sikukuu, na kwa kuwa hakuna mwanamume nyumbani humu, Gradimir ameugeuza pamoja nami, mikono yake na yangu chini ya mkate, kama nyumba yao inavyofanya kwa nyumba yetu tangu enzi za mababu. Mtu aliyeugeuza mkate huo na mimi ndiye niliyemsema kwa yule kijana wa kampuni kwamba hagusiki. Nilisema kweli, Zagorka. Ningeulizwa leo, na Luka ananitazama ukutani, sijui ningepata wapi mdomo wa kusema vinginevyo. Lakini chumba cha juu ni kitupu.

Dunja alipiga simu. Anachora cheri na limau. Nilimuuliza kama ataimalizia ile hadithi siku za Jumapili, hata bila mchango wa mtu. Akasema, "Mama, mkono hautaki tena." Kwa hiyo usiisubiri, haitachorwa.

Wageni walipoondoka, Gradimir alibaki mlangoni akizungusha kofia. Akaniuliza kama umewahi kuandika kitu kuhusu asubuhi ile. Nikasema hapana. Akasema, "Mwaka huu unamtumia barua?" Nikasema ndiyo, ndefu. Akasema, "Basi muulize. Kama ningemwita, ingekuwaje."

Nimekuuliza. Yeye yuko hapo ng'ambo ya bustani, nawe uko huko, wote wajane, wote hai kwa neema ya Mungu, na mimi ndiye niliyebaki katikati nikishika kalamu. Hata ukijibu mstari mmoja, nitampelekea. Tafadhali, dada, nijibu mapema.

Mdogo wako,
Milunka